Kuthibitisha Utumishi wa Kijeshi Unapoomba Punguzo Marekani

Ndugu mliolitumikia jeshi la Marekani, tafadhali msiende dukani kuomba punguzo la wanajeshi wa zamani mkiwa na hati ya kumaliza utumishi, yaani DD 214, kwa kuwa mara nyingi ina namba ya Hifadhi ya Jamii, inayomtambulisha mtu Marekani, ambayo ikiangukia mikononi mwa matapeli huleta hasara kubwa kuliko punguzo lolote. Ombeni kitambulisho cha bure cha Idara ya Wanajeshi Wastaafu, au neno VETERAN (mwanajeshi wa zamani) liandikwe kwenye leseni ya udereva, jambo linalowezekana katika majimbo mengi. Keshia akitaka kutoa fotokopi ya kitambulisho cha kijeshi, mkatalieni kwa upole, maana sheria ya shirikisho hairuhusu, kukitazama kunatosha. Mkipoteza DD 214, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa hutoa nakala bila malipo.