Kutembeza besi ya jazi, kama ninavyowafundisha vijana Mikindani

Mdogo wangu, usianze na madoido. Tyuni nyuzi nne, kuanzia nene: E, A, D, G. Mpiga dramu akihesabu nne, nawe toa noti nne, moja kila pigo, kidole cha shahada na cha kati vikipokezana. Ukitoka kordi (noti zinazolia pamoja) ya C kwenda ya F, piga C, E, G, halafu F-shapu: nusu hatua tu juu ya F, nayo inateremkia F yenyewe. Hapo ndipo besi inapotembea! Rudia polepole. Msikilize sana Paul Chambers, mpiga besi wa jazi aliyefariki 1969 akiwa na miaka 33 tu. Roho inaniuma mpaka leo. Ukimaliza, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Kutu ya hewa ya chumvi iliwahi kunikatia uzi wa G katikati ya harusi.