Namna ya Kuihakiki Chaja Inayopima Uwezo wa Betri

Mafundi wengi wa simu, taa za sola na vipaza sauti visivyo na waya hutegemea chaja zenye kioo kinachoonyesha uwezo wa betri kwa mAh (miliampea-saa), na kwa namba hiyo huamua betri ipi ibaki kazini na ipi iondolewe. Lakini betri ileile ikiwekwa katika chaja mbili huweza kutoa majibu mawili, tuseme 1,790 katika moja na 1,960 katika nyingine, na hakuna kioo kinachoeleza jibu lipi liko karibu na ukweli. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuijua chaja yako kwa vifaa vya bei nafuu, yaani betri mbili mpya, mita ya kawaida ya fundi, rizista nne na daftari. Mfano mkuu utakuwa betri za NiMH (nikeli-metali haidraidi, zinazochajiwa tena) za ukubwa wa AA, kwa kuwa hizo zinaweza kujaribiwa mezani bila hatari kubwa. Mambo yanayobadilika kwa betri za lithiamu yatafuata baadaye.

Kwanza ieleweke chaja inapima nini. Hakuna kifaa cha mezani kinachoweza kuchungulia ndani ya betri na kuona umeme uliobaki. Chaja hupima mkondo wa umeme unaopita, huuzidisha kwa muda, kisha hujumlisha, hivyo mkondo wa miliampea (mA) 500 ukipita kwa saa nne bila kubadilika, jumla ni mAh 2,000. Upimaji wa muda hauna shida, kwani hata chaja ya bei ya chini hukosea muda kwa kiasi kidogo mno. Kosa hukaa kwenye mkondo. Chaja huujua mkondo kwa kusoma volti ndogo sana inayojitokeza kwenye rizista yenye thamani ya sehemu ndogo ya omu. Rizista hiyo ikiwa imepungua au kuzidi kwa asilimia tano, au sakiti inayoisoma ikiwa haianzii kwenye sifuri kamili, kila mAh inayoandikwa kwenye kioo hubeba kosa hilo. Makosa haya mawili yana tabia tofauti. La kwanza hubaki asilimia ileile kwa mkondo wowote, ilhali la pili hubaki idadi ileile ya mA, kwa hiyo mA 10 zilizozidi ni asilimia 5 ya mkondo wa mA 200 lakini ni asilimia 1 tu ya mkondo wa mA 1,000. Ndiyo sababu chaja moja huweza kusema kweli kwenye mkondo mkubwa na kupotoka kwenye mkondo mdogo, na ndiyo sababu kila kipimo utakachokiandika lazima kiandikwe pamoja na mkondo uliotumika.

Jambo la pili ni kuchagua namba sahihi ya kusoma. Namba inayoonekana wakati betri ya NiMH inachajiwa haielezi uwezo wake, kwa sababu sehemu ya umeme unaoingia, hasa betri inapokaribia kujaa, hugeuka joto na haiwezi kurudishwa. Betri yenye uwezo wa mAh 1,900 inaweza kumeza mAh 2,200 au zaidi kabla chaja haijakata, na mtu asiyejua hilo hufurahia namba ambayo betri yake haijawahi kuwa nayo. Soma namba ya kutoa chaji peke yake, tena baada ya betri kujazwa hadi mwisho. Katika chaja nyingi ipo hatua inayojaza, ikatoa yote huku ikihesabu, kisha ikajaza tena. Hiyo ndiyo ya kutumia.

Vilevile ni haki kujua namba ya kwenye lebo ilipatikanaje kabla ya kumlaumu mtengenezaji au chaja. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61951-2 kinataka betri ya NiMH ichajiwe kwa saa 16 kwa mkondo ulio sehemu ya kumi ya uwezo wake, ipumzike kati ya saa moja na saa nne, kisha itolewe chaji kwa sehemu ya tano ya uwezo huo mpaka ifike volti 1.0, katika joto la nyuzi 20, kwa ruhusa ya nyuzi 5 juu au chini. Kwa betri ya mAh 2,000 hiyo ni mA 200 wakati wa kuchaji na mA 400 wakati wa kutoa. Chaja yako huenda inatoa kwa mA 500 au mA 1,000, huenda inakata kwenye volti 0.9, na katika chumba cha Mombasa au Tanga mchana joto hupita nyuzi 30 bila shida. Kila tofauti ya namna hiyo husogeza jibu kidogo, kwa hiyo upungufu wa asilimia tatu dhidi ya lebo si ushahidi wa chochote.

Sasa tuingie kazini. Nunua betri mbili mpya za NiMH za aina isiyopoteza chaji haraka, katika duka unaloliamini, uziandike A na B kwa kalamu isiyofutika. Betri za chapa ya Eneloop za AA, toleo la BK-3MCC, zinafaa sana, kwani uwezo wake unaoahidiwa haupungui mAh 1,900. Hizi zitakuwa betri zako za rejea, na zisitumike kwenye tochi wala kwenye rimoti. Betri iliyokaa dukani kwa miezi haitoi uwezo wake wote mara ya kwanza, hivyo izungushe kwa kuijaza na kuimaliza mara tatu au nne, mpaka majibu ya mizunguko miwili inayofuatana yasitofautiane kwa zaidi ya asilimia moja. Usiwe na haraka na hatua hii. Ukianza kuihakiki chaja kwa betri ambayo bado inapanda, utaituhumu chaja kwa mabadiliko ya betri.

Kisha chunguza kama chaja inakubaliana na yenyewe. Weka betri A katika nafasi ya kwanza, tumia mkondo uleule, acha muda uleule wa kupumzika, tuseme saa moja, na urudie kipimo mara tatu. Kabla ya kila kipimo futa ncha za betri na vyuma vya chaja kwa kitambaa kikavu, kwa maana mafuta ya vidole na kutu nyepesi huongeza ukinzani, na ukinzani huo huifanya chaja ione volti iliyo chini kuliko ile halisi ya betri, ikakata mapema. Majibu matatu yakiwa ndani ya asilimia mbili, chaja ina tabia thabiti. Yakitawanyika kwa asilimia saba au nane, hakuna hesabu itakayoisaidia, nami ningeishauri itumike kuchaji tu.

Baada ya hapo ihamishe betri hiyohiyo katika nafasi ya pili, ya tatu na ya nne. Watu wengi huruka hatua hii wakidhani nafasi zote ni sawa, ilhali katika chaja nyingi kila nafasi ina rizista yake ya kupimia. Hakikisha idadi ya betri zilizomo ndani ya chaja ni ileile katika kila jaribio, kwani chaja yenye betri nne huwa na joto kuliko yenye moja.

Mpaka hapa umejua kama chaja ni thabiti. Hujajua kama ni ya kweli. Kwa hilo unahitaji kipimo kisichoitegemea chaja. Nunua rizista nne za omu 10, zenye ruhusa ya asilimia 1 na uwezo wa nusu wati, uziunganishe sambamba, yaani miguu ya upande mmoja yote pamoja na ya upande wa pili yote pamoja. Jumla yake ni omu 2.5. Ninapendekeza nne badala ya moja kwa sababu mbili: joto hugawanyika, kila moja ikibeba chini ya wati 0.2, na thamani yake unaweza kuiamini. Usijaribu kuipima thamani hiyo kwa mita ya bei ya chini, ambayo kwenye omu chache huhesabu kwa hatua za 0.1 na kuongeza ukinzani wa waya zake. Kosa la 0.1 tu kwenye 2.5 tayari ni asilimia 4.

Jaza betri A katika nafasi unayoihakiki, iache saa moja, kisha iweke katika kishikizo cha betri chenye waya na uiunganishe na rizista zako. Anza kuhesabu muda papo hapo. Kila dakika kumi pima volti mbili. Ya kwanza ipimwe kwenye miguu ya rizista zenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayokupa mkondo bila kujali waya umepoteza kiasi gani njiani. Ya pili ipimwe kwenye ncha za betri, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayokuambia lini usimame. Betri itaanza juu ya volti 1.3, itakaa kwa muda mrefu karibu na 1.2, na ikishapita 1.1 itashuka haraka, kwa hiyo usiondoke mezani katika nusu saa ya mwisho. Ikifika volti iliyo sawa na ile ambayo chaja yako hukatia, tenganisha waya na uandike muda. Kama kijitabu cha chaja hakitaji volti hiyo, simama kwenye 1.0, sehemu inayobaki chini ya hapo ni ndogo sana.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya kila volti ya rizista kwa 2.5 upate mkondo wa wakati huo, uzidishe kwa muda wake, ujumlishe. Tuseme wastani wa volti umekuwa 1.21 na jaribio limechukua saa 3 na dakika 51. Mkondo wa wastani ni mA 484, muda ni saa 3.85, na uwezo ni mAh 1,863. Ikiwa nafasi hiyo ya chaja ilikuonyesha wastani wa 1,960 kwa betri hiyohiyo, basi inazidisha kwa asilimia 5, na namba zake utazizidisha kwa 0.95. Andika kizidishi hicho kwenye karatasi ndogo na uibandike kando ya nafasi husika. Rudia jaribio lote kwa betri B. Vizidishi viwili vikikaribiana, kazi imefanyika vizuri. Kumbuka tu kwamba rizista zina ruhusa ya asilimia 1 na mita nyingi za kawaida hukosea volti kwa nusu asilimia au asilimia moja, hivyo usidai uhakika ulio bora kuliko asilimia mbili.

Lipo jambo moja linaloweza kuwachanganya waangalifu. Baadhi ya chaja hazitoi chaji kwa mkondo uliotulia bali kwa mapigo, kwa mfano ampea nzima kwa nusu ya muda ili wastani uwe mA 500. Katika kila pigo volti ya betri hushuka zaidi kuliko ambavyo ingeshuka kwa mkondo tulivu wa mA 500, na ikiwa chaja inaisoma volti wakati wa pigo, itakata mapema na kuonyesha namba ndogo hata kama hesabu yake ya mkondo ni safi. Kwa betri mpya tofauti ni ndogo. Kwa betri iliyochoka, yenye ukinzani mkubwa ndani, inaweza kuwa kubwa mno, na kizidishi ulichokipata kwa betri mpya hakitairekebisha.

Kwa betri za lithiamu za 18650 (za mviringo, zenye upana wa mm 18 na urefu wa mm 65), usitumie rizista zile nne. Kwenye volti 4.2 zingepitisha karibu ampea 1.7 na kutoa joto la wati 7, nazo zingeungua, tena hakuna kitu kingeizuia betri isishuke chini ya kiwango cha usalama. Badala yake hakiki mkondo wa chaja yenyewe. Chukua vipande viwili vyembamba vya shaba, uvitenge kwa plastiki ngumu, ulehemu rizista ya omu 0.1 ya asilimia 1 kati yake, na uvipachike kati ya chaja na upande wa hasi wa betri, kamwe si upande wa chanya, ambako ukingo wa mwili wa betri ni hasi na shaba ikiteleza italeta shoti. Chaja ikidai inatoa mA 500, mita iliyowekwa kwenye ncha za rizista hiyo lazima isome takriban milivolti 50. Pia pima volti mara betri inapojaa: chaja inayosimama kwenye 4.10 badala ya 4.20 huacha takriban asilimia 10 ya uwezo bila kutumika, na watengenezaji wengi hupima hadi volti 2.5 wakati chaja hukata kwenye 2.8 au 3.0. Betri iliyovimba, inayovuja au iliyokutwa chini ya volti 2 isijaribiwe kabisa.

Kiasi cha uhakika unachohitaji hutegemea kazi. Betri ya 18650 inayouzwa kwa lebo ya mAh 9,900 ni ya uongo bila kipimo, kwani hata zilizo bora katika ukubwa huo huishia kati ya 3,500 na 4,000, na kumthibitishia mnunuzi kwamba yake ina 900 chaja yoyote inatosha. Anayepanga betri zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato ziwe pakiti moja anahitaji uthabiti kuliko ukweli: azipime zote katika nafasi moja, au arekebishe kila nafasi kwa kizidishi chake, na tofauti zilizobaki zitakuwa za betri zenyewe. Namba ya ukinzani wa ndani ambayo chaja hizi huonyesha ningeipa uzito mdogo. Itoe betri, irudishe, upime tena, na mara nyingi namba hubadilika kwa sababu ya mguso wa vyuma peke yake.

Betri A na B zihifadhiwe mahali penye ubaridi, na jaribio la rizista lirudiwe kila baada ya miezi sita. Likionyesha kwamba betri A imeshuka mpaka 1,820 huku kizidishi kikibaki 0.95, betri imezeeka na chaja haijabadilika. Kizidishi chenyewe kikihama, safisha vyuma vya nafasi hiyo na upime upya kabla ya kubandika karatasi mpya.