Kidonda cha mguu wa kisukari: anza na rula

Nimefunga vidonda vya miguu ya wenye kisukari kwa miaka 11, na swali ninaloulizwa zaidi ni kama kuna unga wa kunyunyizia. Kabla ya unga, tafuta rula.

Pima urefu na upana wa kidonda kwa sentimita, zidisha, andika jibu pamoja na tarehe. Rudia kila wiki, siku ileile. Zikifika wiki 4 na eneo halijapungua hata nusu, rudi kliniki na daftari lako, maana kwa matibabu hayohayo huenda kisipone. Najua ninachosema. Niliwahi kumfunga mzee mmoja kwa miezi miwili huku nikiandika "kinaendelea vizuri", kwa sababu kilikuwa safi na chekundu. Siku nilipokilinganisha na picha ya mwanzo, hakikuwa kimesogea. Aibu ile ndiyo iliyonifundisha kupima.

Mbona kidonda safi kinagoma? Mwilini mna vimeng'enya vinavyokata protini, viitwavyo metaloproteinesi za matriksi. Mwaka 1962 watafiti Jerome Gross na Charles Lapiere walieleza cha kwanza, walichokikuta kwenye mkia wa kiluwiluwi anapogeuka chura. Kwenye kidonda cha kawaida huondoa kolajeni (protini inayoshikilia ngozi na nyama) iliyoharibika, kisha vizuizi vyake huvituliza na ujenzi ukaanza. Kwenye kisukari, kile cha namba 9 mara nyingi hubaki kwa wingi na vizuizi vikapungua. Nyama mpya inatafunwa inapoota, na hata protini zinazoita seli za kujenga hukatwa. Kimeng'enya hichohicho hulegeza kuta za mishipa midogo ya jicho. Ndiyo maana, nikifunga mguu, nauliza pia macho yalipimwa lini na, kwa ajili ya figo, mkojo ulipimwa protini lini.

Sasa kazi yenyewe. Nawa mikono, osha kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali, ukifuta taratibu ule utando na majimaji ya zamani. Humo ndimo vimeng'enya vilimojaa. Spiriti na peroksaidi viache, vinaua seli changa. Nyama iliyokufa na sugu pembeni vitakatwa na mtaalamu, si wewe na wembe. Funika kwa bandeji inayonyonya bila kukikausha kidonda. Kuna bandeji za kolajeni, ambazo huvipa vimeng'enya kitu kingine cha kutafuna. Husaidia baadhi ya watu, nami sizipigii debe.

Wengine wamesikia kwamba doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, hupunguza vimeng'enya hivi. Kweli, Marekani kuna dozi ndogo ya miligramu 20 iliyoidhinishwa kwa ugonjwa wa fizi. Kidonda cha mguu si fizi, usijinunulie.

Ugomvi wangu mkubwa na wagonjwa ni kukanyaga. Neva zikishakufa ganzi mguu hauumi, basi mtu anatembea tu, na kila hatua inaponda kile nilichofunga asubuhi. Omba kiatu maalumu au plasta ngumu ya kuondoa uzito kwenye kidonda, na ukivae hata unapokwenda chooni usiku.

Mwombe daktari apapase mapigo ya damu mguuni mapema, kwani damu isipofika bandeji haina la kufanya. Na ukiona weusi, harufu mbaya, homa, au wekundu unaosambaa, achana na rula na daftari, nenda hospitali siku hiyohiyo.