Kutoka Arusha hadi jukwaani: kuona kriketi ya kimataifa bila kumaliza akiba

Watu wengi wakisikia bei ya tiketi ya mechi kubwa ya kriketi hukata tamaa hapo hapo. Kwa mkazi wa Arusha au Moshi, tiketi mara nyingi ndiyo gharama ndogo. Nauli, kitanda na chakula cha uwanjani ndivyo vinavyokausha mfuko. Anza kubana huko.

Kwanza jiulize kama unahitaji kuvuka mpaka. Septemba 2024 Dar es Salaam ilipokea mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia la T20 (kriketi fupi ya ova 20 kwa kila timu; ova moja ni mirusho sita ya mpira) kwa kanda ya Afrika, mechi zikichezwa Gymkhana na uwanja wa Chuo Kikuu. Mechi za ngazi hiyo kwa kawaida hazina kiingilio. Unakaa karibu na kamba inayozunguka uwanja kiasi cha kuwasikia wapiga gongo wakiitana, jambo ambalo aliyelipia jukwaa la Lord's, London, halipati. Basi la alfajiri kutoka Arusha hutumia saa 10 hadi 12, kwa hiyo siku ya safari usiihesabu kuwa siku ya mechi. Mashindano ya aina hii mara nyingi huwa na mechi mbili kwa siku katika uwanja mmoja, asubuhi na mchana: usiku mmoja wa gesti, mechi mbili. Na si kriketi ya kubeza. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la kriketi la umri wao la 2026 kwa mara ya kwanza.

Kama lengo ni kuziona India, Australia au Pakistan, nafasi ya karibu ni Kombe la Dunia la ova 50, Oktoba na Novemba 2027, Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Timu ni 14, mechi 54. Mtanzania haombi viza ya Afrika Kusini kwa ziara isiyozidi siku 90, na Zimbabwe pia haombi. Hapo umeokoa fedha na foleni ya ubalozini.

Nauli

Linganisha njia mbili: kuondokea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), au kwenda Nairobi kwa basi dogo la abiria kupitia Namanga (saa 5 hadi 6) na kupandia ndege huko. Tiketi ya Nairobi ikionekana rahisi, ongeza juu yake basi la kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na usiku mmoja wa kulala kama ndege inaondoka asubuhi. Tofauti ikibaki ndogo, chukua KIA. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hulinganisha tiketi mbili badala ya safari mbili.

Njia ya Nairobi ina mtego mwingine. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, hivyo ukikaa huko kabla ya kuruka, Afrika Kusini inaweza kukudai kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa hiyo, na ukirudi nyumbani Namanga wanaweza kukudai pia. Chanjo huhesabiwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kisha ni ya maisha. Usiende kuchanja siku tatu kabla ya safari.

Basi hadi Harare kupitia Tunduma na Lusaka linawezekana, ila tenga siku tatu au zaidi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Linamfaa mwenye wiki mbili za likizo na mgongo imara. Kwa Johannesburg, hapana. Unachookoa kwenye nauli utakila njiani.

Mechi ipi?

Gawanya gharama yote kwa saa za mchezo. Mechi ya ova 50 huchukua karibu saa nane pamoja na mapumziko, T20 saa tatu na ushee. Mechi ya Testi, aina ndefu kuliko zote, hupangiwa ova 90 kwa siku, hadi siku tano, na viwanja vya Afrika Kusini mara nyingi havijai siku za katikati ya wiki. Ukisafiri mbali, T20 moja ndiyo njia ghali kuliko zote ya kuona kriketi. Tiketi ya siku ya tano ya Testi huwa rahisi kwa sababu moja tu: huenda mechi ikaisha siku ya nne. Inunue ikiwa tayari uko mjini.

Kwenye Kombe la Dunia, kimbia mechi za India. Tiketi huisha haraka, na vyumba vya mji mzima hupanda siku hiyo. Mechi ya timu mbili za kati, siku moja kabla au baada, katika mji ule ule, hukupa uwanja ule ule kwa bei nafuu.

Kiti

Pichi, ule ukanda wa katikati ambapo mpira hurushwa na kupigwa, hulazwa takriban kaskazini na kusini ili jua la jioni lisimpige mpiga gongo machoni. Kutokana na hilo mambo mawili hufuata. Majukwaa ya miisho miwili, nyuma ya mrushaji, ndiyo yanayoonyesha mpira ukipinda hewani na ukigeuka ardhini, nayo ndiyo ghali zaidi. Majukwaa ya pembeni ni rahisi: hutajua mpira ulikuwa nje ya wiketi (vijiti vitatu anavyolinda mpiga gongo) au ndani, ila utaona vizuri urefu wa mpira, udakaji na mbio kati ya wiketi. Kati ya pembeni mbili, chagua magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linakuwa nyuma yako na kivuli cha jukwaa kinakufikia, huku wenzako wa mashariki wakikunja nyuso hadi jua lizame.

Rahisi kuliko vyote ni mteremko wa nyasi, ambao viwanja vya SuperSport Park, Centurion, na Newlands, Cape Town, vinao. Kwa kawaida hakuna namba ya kiti, kwa hiyo fika milango inapofunguliwa, tandika khanga au shuka, na vaa kofia ya ukingo mpana. Hakuna paa; kuungua ngozi saa nane mfululizo si utani.

Centurion ina faida nyingine: kituo cha treni ya Gautrain kiko umbali wa kutembea, na reli hiyo inafika uwanja wa ndege wa OR Tambo. Lakini treni hufunga mapema usiku. Mechi ya mchana na usiku ikiisha, utahitaji teksi, tena bei ikiwa imepanda kwa sababu uwanja mzima unaitafuta. Weka fungu lake mapema, au chagua mechi ya asubuhi.

Mechi ya asubuhi ina sababu ya pili. Johannesburg na Centurion hupigwa na mvua za radi alasiri na jioni kuanzia Oktoba. Ili mechi ya ova 50 ipate matokeo, kila timu lazima ipate nafasi ya angalau ova 20. Kwa T20 ni ova 5. Mvua ikiwahi, pointi hugawanywa nawe unarudi gesti. Soma masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa: yanahusu tiketi tu, nauli yako hayaijui.

Kulipa na kula

Nunua kwa mwandaaji rasmi pekee. Wiki moja kabla ya mauzo kufunguliwa, iombe benki yako ifungue malipo ya mtandaoni na kuongeza kikomo cha siku, kisha jaribu kadi kwa kununua kitu kidogo nje ya nchi. Kinachoangusha wengi ni ujumbe wa namba ya siri kuchelewa kwenye simu hadi muda wa foleni unaisha. Laini iliyosajiliwa benki iwe ndani ya simu unayoshika. Tiketi za siku hizi hukaa kwenye simu, kwa hiyo beba chaja ya mfukoni.

Soma orodha ya vitu visivyoruhusiwa, kwani chupa za glasi na pombe hukataliwa karibu kila mahali. Pale chakula kinaporuhusiwa, chapati nne, mayai ya kuchemsha na karanga humtosha mtu mmoja kwa siku. Maji lita mbili, au chupa tupu ya plastiki ya kujaza ndani.

Randi za Afrika Kusini zikibaki, noti badilisha kabla ya kuondoka. Sarafu hakuna atakayezipokea Namanga wala Arusha; zimalizie kwa maji uwanja wa ndege.