Nguo ya mawese haisubiri Jumamosi

Mimi ni dobi, na wengi wanaoniletea nguo hapa Mwanga, Kigoma, huja Jumamosi. Nikiuliza doa liliingia lini, jibu ni Jumatatu. Doa la siku ileile nalitoa kwa sabuni na vidole. Lililokaa wiki tunaishia kubishana kama shati lilikuwa hivyo tangu zamani. Maelezo haya ni ya anayefua kwa beseni na maji ya ndoo.

Hatua ya 1: Kausha kabla ya kutupa kwenye tenga

Nguo yenye unyevu, hata kama ni chafu, itundike kwanza ipigwe na upepo. Jasho linapotoka mwilini halinuki sana. Harufu inaletwa na bakteria wanaolila, na hao wanapenda joto na unyevu. Tenga lenye kifuniko lina vyote viwili. Kunyunyizia manukato juu yake ni kujidanganya.

Ukungu nao hausubiri. Nguo mbichi iliyokunjamana inaweza kuanza kuota vidoti vyeusi ndani ya saa 24 hadi 48, hasa miezi yetu ya mvua. Kwenye pamba, kuvu hula nyuzi zenyewe. Jiki inaweza kufifisha weusi kwenye nguo nyeupe, lakini kitambaa kilicholiwa hakirudi.

Hatua ya 2: Shughulikia doa siku ileile

Hata kama kufua ni kesho, hii usiiahirishe.

Mawese ndiyo yanayotutesa zaidi mkoa huu. Yana mambo mawili ndani yake: mafuta, na rangi ya machungwa inayotokana na karotini, ileile iliyo kwenye karoti. Kila moja lina dawa yake, na mafuta ndiyo yanayotangulia. Kwangua yaliyoganda kwa kijiko, usisugue, maana unayapeleka ndani. Nyunyiza unga wa muhogo, acha dakika kumi na tano unyonye, kung'uta. Paka sabuni ya kuoshea vyombo, au mche wa sabuni ya mise (ya mafuta ya kokwa za mchikichi) ikiwa unayo, kwenye doa kavu kabla ya kutia maji. Fikicha taratibu, kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu. Maji baridi huyagandisha mawese, utafikicha mpaka ngozi ya vidole itoke. Rudia mpaka utelezi uishe. Kama bado kuna kivuli cha njano, usihangaike: jua litamalizia. Usipige pasi kabla hakijatoka, na usikimbilie Jiki, kwani haiondoi mafuta.

Damu, ya mtu au ya samaki, ni kinyume chake: maji baridi tu. Maji ya moto huipika protini ikashikamana na nyuzi. Nguo za waliotoka mwaloni Kibirizi, wanakoshushia samaki, zikianza kufuliwa kwa maji ya moto, kesho yake harufu ya dagaa bado ipo. Zisuuze kwa maji baridi, zifue kwa sabuni, kisha suuzo la mwisho litie ndimu au siki kidogo. Harufu ile ya samaki hutulizwa na kitu kichachu.

Hatua ya 3: Tenganisha nguo

Nyeupe peke yake, za rangi peke yake. Kitenge kipya, hata muuzaji akiapa kwamba hakichuji, kifue peke yake mara za mwanzo. Soksi na nguo za ndani zisiingie beseni moja na taulo za jikoni.

Hatua ya 4: Loweka, fua, suuza

Nusu saa hadi saa moja kwenye sabuni ya unga inatosha. Kuloweka usiku kucha hadi kesho jioni ndiko kunakoleta ule uvundo ambao watu wanausingizia sabuni. Kola na makwapa yafikiche kwanza. Suuza mpaka maji yasitoe povu.

Hatua ya 5: Anika mara moja

Nguo iliyokamuliwa ikaachwa kwenye beseni ni sawa na haijafuliwa. Za rangi zigeuze nje ndani, zikae kivulini penye upepo. Nyeupe, na ile ya mawese yenye kivuli cha njano, ziende juani. Mvua ikishika, tandaza ndani zikiwa na nafasi kati yake, dirisha wazi.

Ukiamua kuniletea mimi au kumpelekea dobi mwingine, sema doa ni la nini, liliingia lini, na umeshalipaka nini. Hilo la mwisho ni la usalama: nikitia siki au ndimu kwenye nguo uliyokwisha kumwagia Jiki, inatoka hewa ya sumu, na kibanda changu kina dirisha moja tu.