Koki ya mafuta ya pikipiki za zamani: ifungue kabla hujanunua mpya

Mteja akifika kwangu hapa Tabora na Honda CG125 au Yamaha DT125 ya miaka mingi, maneno huwa ni yale yale: "Fundi, koki imekufa, nimekuja na mpya." Anaitoa ile mpya mfukoni, nyepesi kama kifuniko cha chupa. Ya zamani anayotaka kuitupa ni nzito, imekaa sawa, na ugonjwa wake ni kimpira kimoja kilichokauka. Inaniuma kila mara, maana koki nyingi ninazofungua zinapona siku hiyo hiyo.

Tuelewane kwanza inavyofanya kazi. Mafuta yanashuka kwenye kabureta kwa uzito wake yenyewe. Ndani ya tangi koki ina njia mbili: mrija mrefu uliosimama, na tundu la chini kabisa. Ukiweka ON, mafuta yanaingia kwa juu ya mrija. Yakishuka chini ya ncha yake pikipiki inakata, unageuza RES, yaani akiba, unapata ya kukufikisha kituoni. Anayetembelea RES kila siku hana tena akiba, na anavuta maji na kutu vilivyolala chini ya tangi. Pikipiki ikikubali RES lakini ikakataa ON huku tangi limejaa, huo mrija au tundu lake limeziba.

Pima kwanza. Zima injini, iache ipoe, toka nje kwenye hewa. Sigara hapana, na jiko la mkaa la jirani liwe mbali. Chomoa mpira upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa kavu, fungua koki. Unataka mkondo usiokatika. Ukianza vizuri kisha ukapungua, fungua kifuniko cha tangi. Mkondo ukirudi, koki yako haina kosa: kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Ukiendelea kudondoka tone tone, endelea na somo. Ukifunga OFF na bado inadondoka, kimpira ndicho kimechoka.

Toa mafuta yote kwenye kidumu safi, ukichuja kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kiache kitulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatajitenga chini, na hapo utajua kama ile petroli ya chupa uliyonunua njiani ilikuwa petroli kweli.

Shusha koki. Nyingi zimeshikwa na boliti mbili za spana namba 10, nyingine na nati moja kubwa. Angalia washa za boliti usizipoteze, kwa kuwa kwenye baadhi ya matangi ndizo zinazozuia mafuta yasivuje. Chujio litatoka pamoja na koki. Lisugue kwa mswaki laini na petroli, usilichokonoe kwa waya. Likiwa limechanika, badilisha.

Fungua kishikio. Kuna skrubu mbili ndogo. Zikigoma, simamisha bisibisi inayokaa sawasawa, gonga kichwa chake kwa nyundo mara mbili tatu, ndipo uzungushe. Piga picha kwa simu kila kitu kinapotoka: bamba, springi bapa yenye mawimbi, kishikio, kisha kimpira cha duara chenye matundu manne. Ukikuta riveti badala ya skrubu, koki hiyo haikutengenezwa ifunguliwe, na hapo nakubali ununue nyingine.

Hicho kimpira ndicho moyo wa koki. Kishike kwenye mwanga. Kikiwa kigumu, kimeng'aa na kina alama ya kishikio iliyozama, kimemaliza kazi. Tafuta cha kiwandani kinacholingana matundu. Ukikosa, kata kwenye shiti ya mpira inayouzwa kwa kazi ya mafuta.

Usikate kwenye tyubu. Nilifanya hivyo nikiwa kijana, kwa mrina asali aliyekuwa anawahi Sikonge na ndoo mbili nyuma. Aliondoka akinishukuru. Siku ya tatu alirudi akiwa juu ya lori, pikipiki imelazwa pembeni yake. Nilipofungua, kimpira kilikuwa kimevimba kama harage lililolala kwenye maji, na matundu yamebaki upana wa sindano. Mpira wa tyubu haustahimili petroli. Silikoni nayo ni hivyo hivyo: inalegea, inameguka, vipande vinakwenda kuziba jeti, vile vitundu vyembamba vya kabureta.

Uso wa kishikio unaokutana na kimpira lazima uwe laini. Weka msasa namba 1000 juu ya kioo, dondoshea maji, usugue kwa mizunguko ya taratibu hadi mikwaruzo iishe. Futa, kausha. Rudisha kwa mpangilio wa zile picha. Skrubu kaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Mwili wa koki ukipinda hautaziba tena.

Kabla ya kuirudisha, angalia ndani ya tangi kwa tochi. Ukiona kutu, livue tangi, tia maji ya sabuni na nati kadhaa ulizozihesabu, tikisa, mwaga, suuza. Hesabu nati zilizotoka. Kausha juani hadi ndani, suuza mwisho kwa petroli kidogo. Nati usizitikise ndani ya petroli, chuma kikigongana kinaweza kutoa cheche.

Funga, jaza, tandika gazeti chini, subiri dakika kumi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Urambo:* Shikamoo fundi. CG125 yangu nikiamka chini pamelowa, na koki nimeifunga.

Marahaba mwanangu. Kimpira kinapitisha, na nidili ya kabureta, kile kisindano cha kuzuia mafuta, nayo haizibi. Kabla hujawasha, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, au oili imepanda kuliko ulivyoiacha, mwaga oili yote uweke mpya. Oili iliyochanganyika na petroli inakula injini. Tengeneza vyote viwili, koki na nidili.

*Mwanachama wa Kasulu:* Inakimbia kilomita tano inakata. Nikisimama dakika chache inawaka.

Kifuniko cha tangi hicho, kaka. Ikikata tena, fungua kifuniko papo hapo. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, safisha kitundu chake.

*Mwanachama wa Nzega:* Suzuki GN125 yangu haina OFF, ina PRI. Nifungeje usiku?

Hiyo inafunguliwa na mvuto wa injini. Injini ikizima, inajifunga yenyewe, mradi usiiache kwenye PRI, ambako mafuta hayazuiwi. Chomoa ule mpira mwembamba wa mvuto. Ukikuta una petroli ndani, utando wa koki umechanika, na petroli inaingia kwenye injini kwa njia hiyo. Usiendelee kuitembelea.

*Mwanachama wa Kaliua:* Kaka, mimi ni muuguzi, natembelea Yamaha AG100 kwenda vijijini. Kishikio kimegoma kabisa, na plaizi naogopa.

Umefanya vizuri dada kuogopa, plaizi ingekivunja na ubaki porini. Mwaga mafuta, legeza zile skrubu mbili nusu mzunguko tu, dondoshea oili nyepesi pembeni ya kishikio, subiri robo saa. Kitikise kwa vidole huku na huku, hatua ndogo ndogo. Kikianza kuzunguka, usikaze urudi barabarani: fungua, toa kimpira, kwa sababu kilichoganda hivyo huwa kimeshikana na chuma na kitachanika safari ya kwanza.