Cheka kwanza, kisha tafuta swali

Habari nzito zikikuchosha, pitia washindi wa tuzo za Ig Nobel, zinazotolewa kila mwaka tangu 1991 kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mwaka 2021 walituzwa watafiti waliowaning'iniza vifaru weusi 12 miguu juu, kichwa chini, huko Namibia. Picha yake tu inavunja mbavu! Ila usiishie kwenye kichwa cha habari. Uliza walitaka kujua nini. Vifaru wa aina hiyo huhamishwa kwa helikopta wakining'inia kwa miguu, wakiwa wamelewa dawa ya usingizi, na ilibainika kuwa kuning'inizwa hivyo hakuwabani pumzi kuliko kulazwa ubavu. Walipumua hata nafuu kidogo. Mimi humsomea mwanangu kichwa cha habari tu, akishacheka namwachia akisie sababu.